Toleo Jipya Likitangazwa: Nasaha kwa Wachezaji wa Masimulizi ya Mezani

Kila mara mchapishaji wa mchezo wa masimulizi ya mezani anapotangaza kwamba toleo jipya la kanuni liko njiani, wasomaji huniletea swali lile lile kwa maneno mbalimbali: je, vitabu nilivyovinunua kwa taabu vimekwisha thamani, nami sasa nifanye nini, ninunue, nigome, nilalamike, au ninyamaze? Waulizaji ni wasimulizi waliozoea kuongoza meza kwa miaka, na ni wachezaji waliojifunza juzi tu kurusha dadu ya pande 20, na wote wana fadhaa ya kweli ambayo siidharau hata kidogo. Mtu aliyekesha pamoja na sahibu zake akimjenga mhusika, akamlea kutoka unyonge hadi ushujaa kwa kanuni anazozijua kwa moyo, ana haki ya kutaharuki asikiapo kwamba kanuni hizo zitageuzwa na watu asiowajua, kwa sababu ambazo pengine ni za tijara kuliko za sanaa.

Nasaha yangu ni moja, nayo ni kutenga kanuni na haki. Kanuni zikiguswa, soma, jaribu, kisha sema. Haki zikiguswa, yaani haki yako ya kutumia ulichokwisha kununua, au haki ya watunzi wengine kuandika juu ya msingi wa mchezo huo, sema siku hiyo hiyo. Aghalabu wachezaji hufanya kinyume: hughadhibika usiku kucha kwa ajili ya silaha iliyopunguzwa nguvu, ilhali masharti ya leseni, ambayo ndiyo yanayoamua kama mchezo wenyewe utaishi mikononi mwao au la, hupita bila ya kusomwa.

## Tangazo ni la namna gani?

Soma tangazo lenyewe, si muhtasari wa rafiki, ukatazame ni lipi kati ya haya matatu linalokuja.

- Mchezo kujengwa upya. Kampuni ya Wizards of the Coast ilitangaza toleo la 4 la Dungeons & Dragons katika mkutano wa Gen Con mjini Indianapolis, Marekani, mwezi wa Agosti 2007, ikalitoa Juni 2008. Mpango wa mapambano na wa uwezo wa wahusika ulibadilishwa kiasi kwamba mhusika wa zamani hakuweza kuhamia humo pasipo kuundwa upya.
- Kanuni kutengenezwa. Toleo la 3 la mchezo huo lilitoka mwaka 2000, likarekebishwa 2003 kwa jina la 3.5. Vitabu vya 2024 navyo ni marekebisho ya toleo la 5 la mwaka 2014, na mikasa iliyochapishwa kwa vile vya zamani yachezeka kwa hivi vipya.
- Masharti kugeuzwa. Hapa huenda hapana dadu hata moja itakayorushwa kwa namna nyingine, bali leseni, bei, au njia ya kuvipata vitabu ndiyo iliyobadilika.

Namna ya kwanza yataka subira kubwa na fikra ndefu. Ya pili mara nyingi haihitaji zaidi ya kusoma kwa makini jioni moja. Ya tatu ndiyo yataka haraka.

## «Lakini mara hii ni mbaya kuliko zote»

Hoja hii nimeisikia kwa kila toleo, wala siwezi kusema kwamba daima ni ya uongo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wao wa Dungeons & Dragons mwaka 1974 hawakutangulia kuutilia mwisho, na tangu hapo kila kizazi cha wachezaji kimelia juu ya kaburi la toleo lake. Mwaka 1989 toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons liliondoa mashetani kwa majina yao pamoja na kazi ya muuaji wa kukodiwa, baada ya miaka ya lawama za wazazi na wahubiri wa Marekani waliodhani mchezo unafundisha uchawi, na wachezaji wengi wakaona kwamba mchapishaji ameogopa kelele za watu wasioujua mchezo. Walikuwa na haki, kwa maoni yangu. Majina yale yalirejea mwaka 2000, katika toleo la 3. Mwaka 2007 walionung'unika kwamba vitabu vyao vya 3.5 havikupata umri zaidi ya miaka minne nao walikuwa na hoja ya wazi: waliombwa wanunue upya maktaba nzima kabla karatasi za ile ya kwanza hazijachakaa.

Lakini tazama yaliyofuata. Waliolikataa toleo la 4 hawakubaki na manung'uniko matupu. Kampuni ya Paizo, ambayo hadi 2007 ndiyo iliyokuwa ikichapisha majarida mawili ya mchezo huo kwa idhini ya wenyewe, ilitangaza Machi 2008 kwamba itaandika mchezo mwingine, Pathfinder, juu ya msingi wa kanuni za 3.5, ikazigawa kanuni za majaribio kwa umma, na kitabu chenyewe kikatoka Agosti 2009. Hata kanuni za zamani zaidi, zile za miaka ya 1970, zilikuwa zimekwisha kuandikwa upya na wapenzi wake mwaka 2006 kwa jina la OSRIC. Yote mawili yaliwezekana kwa sababu moja tu: mwaka 2000, pamoja na toleo la 3, ilitolewa leseni huria iliyomruhusu mtu yeyote kutumia msingi wa kanuni zile. Kanuni zilizochukiwa ziliweza kukimbiwa kwa kuwa haki ilikuwa salama. Ndiyo sababu nasema leseni isomwe kabla ya orodha ya silaha.

## Juma la kwanza

1. Soma tangazo lote, pamoja na maneno madogo yaliyo chini yake.
2. Andika mambo mawili: lililobadilika kwa hakika, na lililo tetesi. Tetesi usizijibu.
3. Tafuta kama kuna kanuni za majaribio zinazotolewa bure, na siku ya mwisho ya kupokea maoni.
4. Tazama kama vitabu vyako vya kidijitali vimetajwa popote.
5. Usinunue kitu. Usiuze kitu.

Hili la tano ndilo linalovunjwa zaidi. Mwenye ghadhabu huuza rafu yake nzima kwa bei ya kutupa, na mwenye shauku huagiza kila kitu siku ya kwanza. Baada ya miezi michache wote wawili hujuta, yule akitafuta tena kitabu alichokiuza, huyu akiwa na vitabu ambavyo wenzake hawataki kuvitumia.

## Vitabu vyako havifi, isipokuwa vile usivyovishika

Kitabu cha karatasi kilichomo nyumbani mwako hakuna tangazo liwezalo kukifuta. Mchezo wa Call of Cthulhu, uliotoka kwanza mwaka 1981, umefika toleo la 7, na mkasa ulioandikwa kwa toleo la zamani wachezeka leo kwa hesabu nyepesi, kwa kuwa badiliko kubwa la toleo la 7 katika sifa za mhusika lilikuwa kuzidisha zile tarakimu za asili kwa tano ili zisomeke kama asilimia. Msimulizi mzoefu hulifanya kwa kalamu kabla wageni hawajaketi.

Vya kidijitali ni habari nyingine. Mwezi wa Agosti 2024, vitabu vipya vya Dungeons & Dragons vilipokaribia kutoka, ilitangazwa kwamba katika D&D Beyond, huduma ambamo watu wengi huweka wahusika wao na vitabu walivyovilipia, maelezo ya uchawi na ya vifaa vya ajabu ya mwaka 2014 yangefunikwa na yale ya 2024, na aliyetaka kuendelea na ya kale angelazimika kuyaandika upya kwa mkono wake. Wachezaji walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikaghairi. Tahadhari zako basi ni hizi:

- Chapa karatasi ya kila mhusika anayechezwa sasa, au ihifadhi katika kompyuta yako mwenyewe.
- Nakala ya kitabu unayoruhusiwa kuipakua, ipakue leo, usingoje siku ya kutoka kwa toleo.
- Kabla ya kulipia kitu kisichoweza kupakuliwa, jiulize kama ungekubali kukipoteza.

## Namna ya kulalamika hata usikiwe

«Wamekwisha kuamua, maoni yetu ni maji ya mtungi uliotoboka.» Haya ndiyo maneno ninayoyapata mara nyingi kuliko yote, nami nayakanusha kwa ushahidi. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, lililotangazwa Januari 2012, lilipitia majaribio ya hadhara ambayo kampuni ilisema yalihudhuriwa na watu zaidi ya 175,000 kabla vitabu havijatoka 2014. Katika marekebisho yaliyofuata, kanuni za majaribio za Agosti 2022 zilitaka kuwanyima majitu na mazimwi lile pigo la pekee lipatikanalo dadu ya pande 20 inapoangukia 20. Wachezaji hawakulipenda jambo hilo, nalo likaachwa. Mwanzoni mwa 2023 ikaja rasimu ya druidi, yule mganga wa misitu ajigeuzaye mnyama, ambamo wanyama wote walitiwa katika vielelezo vichache vya jumla, hata tai na popo wakawa kitu kimoja isipokuwa kwa jina. Wachezaji wa druidi walieleza kwamba ladha ya mhusika huyu ni kuwa mnyama huyu hasa na si yule, na katika kitabu cha 2024 druidi amerudishiwa wanyama wake, kila mmoja na tabia yake.

Lalamiko linalofaa lina sifa zinazojulikana, wala si kazi ngumu kulitunga:

- Cheza kwanza. Kanuni iliyosomwa na kanuni iliyochezwa ni mbili. Walau kikao kimoja kamili, na ikiwezekana viwili.
- Taja kanuni moja kwa jina lake. «Toleo lote ni baya» ni kauli isiyoweza kutendewa kazi na mtunzi yeyote.
- Simulia kilichotokea mezani. Mhusika alikuwa wa kiwango gani, alitaka kufanya nini, kanuni ikamzuia vipi, na wenzake walifanya nini wakati huo.
- Sema ulichokikosa. Ulitaka hofu, ukapata hesabu. Ulitaka wepesi, ukapata jedwali. Tiba mwachie mtunzi, kwa kuwa yeye ana mambo mia ya kuyalinganisha nawe unalo moja.
- Jaza dodoso la mchapishaji kwa wakati. Maneno makali yaliyosemwa kwa marafiki hayafiki katika hesabu yake.

Na tafadhali, usimtukane mtunzi. Tangu 1999 Wizards of the Coast ni mali ya Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, na yule aliyekaa miezi akipima ni mara ngapi mpiga mishale apige katika zamu moja siye aliyepanga bei wala aliyeandika mkataba. Kumwandikia matusi mtu huyo, au kumtishia, ni dhuluma, fauka ya kuwa huwapa wakubwa wake kisingizio cha kuyatupa maoni yenu yote kama kelele za wahuni.

## Mahali pasipotaka subira

Mwanzoni mwa Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya Dungeons & Dragons ilivuja. Ilikusudia kuibatilisha ile leseni huria ya mwaka 2000, kuwataka watunzi watoe hesabu ya mapato yao, na kuwatoza mrabaha wale wanaopata zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka. Wachezaji hawakungoja. Watu wengi walifuta malipo yao ya kila mwezi kwa D&D Beyond, na Paizo ikatangaza kwamba itaandaa leseni nyingine isiyomilikiwa na mchapishaji yeyote wa michezo. Wizards of the Coast ikaleta rasimu iliyolainishwa pamoja na dodoso. Waliojibu walizidi 15,000, na 88 katika kila mia walisema hawataki kuchapisha kazi zao chini yake. Tarehe 27 Januari ikatangazwa kwamba leseni ya kale itaachwa kama ilivyo, na waraka mzima wa msingi wa kanuni za toleo la 5 ukawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa nyuma.

Chini ya mwezi mmoja, basi. Nakuomba uyapime haya pamoja na ghadhabu za 2007, ambazo zilikuwa kali na za muda mrefu, na hazikubadilisha katika toleo la 4 jambo lolote la msingi kabla halijatoka. Sababu ya tofauti hiyo naiona katika mambo mawili. La kwanza, dai la 2023 lilikuwa moja, fupi, na lenye kueleweka hata na mtu asiyejua dadu: iacheni leseni. La pili, wadai walizuia fedha yao wenyewe, kwa amani na kwa hiari yao.

Ukiona maneno yafuatayo katika tangazo lolote, la mchezo wowote, acha shughuli nyingine ukayasome mara mbili:

- kwamba ruhusa ya zamani «haitumiki tena»;
- kwamba mchapishaji aweza kubadilisha masharti wakati wowote kwa taarifa fupi;
- kwamba kazi ya mtunzi wa nje yaweza kutumiwa na mchapishaji bila malipo;
- kwamba ulichokinunua kitapatikana «maadamu huduma inaendelea».

## Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kuhukumu kwa ukurasa mmoja. Kanuni za mchezo hutegemeana, na silaha iliyodhoofishwa katika sura ya sita huenda imelipwa fidia katika sura ya pili.

La pili ni kuamini kwamba kupenda toleo jipya ni kuwasaliti wa kale, au kwamba kubaki na la kale ni ushamba. Wote wawili wanacheza.

La tatu ni kununua kwa hofu ya kuachwa nyuma. Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons cha 2014 kiliuzwa Marekani kwa dola 49.95, kikiwa na kurasa 320. Cha 2024 ni dola 49.99, kwa kurasa 384. Bei haikimbii. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayeagiza kutoka ng'ambo, nauli na ushuru huenda vikamgharimu karibu sawa na kitabu chenyewe, na kwa hiyo kukosea katika ununuzi kwake ni hasara maradufu. Anza na kanuni za bure: toleo la 5 lilikuwa nazo tangu 2014, na mwezi wa Aprili 2025 msingi wa kanuni mpya nao uliwekwa chini ya Creative Commons, uweze kusomwa na kutumiwa na yeyote pasipo kulipa senti.

## Meza yenu isivunjike

Hatari kubwa ya toleo jipya haiko katika kitabu. Iko katika watu watano au sita waliokuwa wakikutana kila juma kwa furaha, ambao ghafla wawili wanataka kuhama, wawili hawataki, na msimulizi amechoka kabla hajaanza. Fanyeni hivi, kwa utaratibu huu:

1. Malizeni kisa mnachokicheza kwa kanuni mlizokianzia. Kumgeuza mhusika katikati ya safari huharibu kumbukumbu zake, na wengi hawampendi tena.
2. Tengeni kikao kimoja cha majaribio, kwa wahusika wapya wasio na thamani kwa mtu, katika mkasa mfupi.
3. Anunue mmoja kwanza. Kitabu kimoja kwa meza nzima chatosha kwa miezi.
4. Msikilizeni msimulizi kuliko wengine. Hapa najua baadhi yenu mtanipinga, mkisema kila mchezaji ana kura moja. Lakini yeye ndiye anayesoma usiku, anayeandaa mikasa na kukumbuka kanuni za watu wote. Akisema hawezi kujifunza mfumo mpya mwaka huu, jibu hilo litoshe.
5. Mkichanganya matoleo mawili, andikeni. Karatasi moja yenye kanuni mlizokubaliana, ibandikwe mahali pa kuonekana. Ugomvi mwingi wa mezani huzaliwa na watu wawili wanaokumbuka vitabu viwili, kila mmoja akiapa kwamba yuko sahihi, nao wote wawili wako sahihi.
6. Asiyetaka asilazimishwe, wala asifukuzwe. Mpeni nafasi katika kisa kijacho cha kanuni za kale, hata kikiwa cha kikao kimoja kwa mwezi.

Iwapo baada ya yote hayo mtaamua kubaki mlipo, bakini bila haya. Meza zinazocheza leo kanuni za miaka ya 1970 na 1980 ni nyingi, na vitabu vipya vinaendelea kuandikwa kwa ajili yao. Iwapo mtahama, wekeni vile vya zamani mahali pakavu. Na kama wakati usomapo makala haya kuna mchezo uupendao ambao kanuni zake za majaribio ziko wazi kwa umma, tazama tarehe ya mwisho ya dodoso, waite wenzako mzicheze kabla ya siku hiyo, kisha kila mmoja wenu aandike jibu lake mwenyewe.